Kijicho cha Emma Woodhouse

Kila ninapofundisha Emma, riwaya ya Jane Austen iliyotoka London Desemba 1815, wanafunzi hukimbilia habari za posa na uchumba. Mimi huwarudisha kwa Jane Fairfax. Emma Woodhouse, mhusika mkuu, simwelewi vizuri popote kama ninavyomwelewa anapokuwa karibu na msichana huyu.

Emma ana sura, akili na urithi wa pauni 30,000. Jane ni yatima, na kinachomngoja ni kulea na kufundisha watoto wa matajiri majumbani mwao. Hata hivyo mwenye mali ndiye anayemwonea kijicho asiye nayo, maana Jane anapiga piano na kuimba kwa ustadi uliotokana na bidii, ilhali Emma ana kipaji lakini hamalizi anachokianza.

Bwana Knightley, jirani na rafiki wa familia, alishamwambia Emma waziwazi: humpendi Jane kwa sababu unaona kwake ule ustadi ambao wewe ungependa watu wadhani unao. Emma alikana kwa nguvu, ila zipo nyakati ambapo dhamiri yake haikumwachia huru. Hutafuta visingizio: Jane ni msiri na hana uchangamfu, mama yake mkubwa Miss Bates hafungi mdomo, na watu wanawalazimisha urafiki eti kwa kuwa ni rika moja. Austen huyachanganya mawazo hayo na sauti ya msimulizi, na msomaji mwenye haraka huyapokea kama ukweli wenyewe.

Sura ninayoipenda zaidi ni ile ya asubuhi baada ya karamu kwa majirani zao, akina Cole. Emma ana majuto mawili. La kwanza, jana usiku alimweleza Frank Churchill, kijana mgeni kijijini, hisia zake kwamba Jane anapendana na Bwana Dixon, mume wa rafiki ya Jane, uvumi alioutunga mwenyewe kichwani. La pili, Jane amemshinda kwa piano. Jambo la piano analijutia kwa moyo wote, akakaa kufanya mazoezi saa moja na nusu. Lile la kumchafulia mwenzake jina analijutia nusunusu tu, kwa kuwa Frank alimsikiliza kwa namna iliyomfanya ajione mwerevu. Kwa maoni yangu, hakuna ukurasa unaoonyesha vizuri zaidi jinsi mtu anavyoweza kujichunguza kwa dhati na bado akaliruka kosa kubwa.

Neno lenyewe, wivu, Emma analikubali mwishoni kabisa. Ameshajua kuwa Jane alikuwa amechumbiwa na Frank kwa siri, na yeye mwenyewe anahofia kumpoteza Knightley, anayempenda, kwa rafiki yake Harriet. Maumivu ya wivu sasa anayafahamu, na anapokumbuka alivyomtenda Jane, anaona haya. Baadaye wanazungumza kwa dakika chache, na Emma anasema wanampoteza Jane wakati yeye ndiyo kwanza anaanza kumjua. Miaka yote Jane alipokuja Highbury, kijiji cha Emma, kumtembelea bibi yake, nyumba zao hazikuwa mbali.