Muvi za majasusi wanandoa: wahakiki wanalalamikia nini hasa?

Ilipotoka muvi ya Netflix, Back in Action, Januari 2025, wanafunzi wangu wa uandishi wa miswada hapa Dodoma walinijazia simu kwa swali moja: mbona wahakiki wameiponda, wakati huku Ng'hong'hona kila geto wanaitazama? Swali zuri, na halihusu muvi hiyo peke yake. Linarudi kila inapotoka hadithi ya mume na mke wenye bastola chini ya godoro.

Tuanze na tarakimu, maana ndizo zinazowachanganya watu. Muvi hiyo iliongozwa na Seth Gordon. Ilimrudisha Cameron Diaz, ambaye hakuwa ameonekana kwenye filamu tangu Annie ya 2014, akiwa na Jamie Foxx, aliyeugua ghafla Aprili 2023 kazi ya kupiga picha ikiwa inaendelea. Kwenye Rotten Tomatoes (yaani "nyanya zilizooza"), tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, iliambulia karibu asilimia 30. Netflix nao wakatangaza kwamba imetazamwa mara milioni 46.8 ndani ya siku tatu za mwanzo. Ukiziweka hizo mbili pamoja unaona kama lazima kuna anayedanganya.

Hakuna anayedanganya. Ile asilimia ni hesabu tu ya wahakiki wangapi katika kila mia wamesema "haya, itazame". Aliyeipenda mpaka akatokwa na machozi na aliyeona inafaa kusukumia jioni, wote wana kura moja moja. Kwa hiyo muvi ya kawaida isiyomuudhi mtu inaweza kupata 90, na muvi yenye ujasiri iliyowagawa watu nusu kwa nusu ikabaki 50. Mpaka wao ni 60: ukifika hapo nyanya yako ni nzima, ukishuka imeoza. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, wana utaratibu mwingine, wanatafuta wastani wa alama za wahakiki na kuwapa baadhi yao uzito zaidi. Netflix nao hawahesabu vichwa. Wanachukua saa zote zilizotazamwa, wanazigawa kwa urefu wa muvi, ambao hapa ni dakika 114 hivi. Watu wawili walioishia katikati wanakuwa mtazamaji mmoja kamili, na aliyeiwasha akaenda jikoni kusonga ugali naye yumo.

Mimi huziacha tarakimu nikasoma maandishi yenyewe. Ukisoma uhakiki wa muvi za aina hii, za miaka thelathini nyuma mpaka leo, utaona lalamiko ni lilelile. Wahakiki hawana ugomvi na bastola wala na hadithi isiyoingia akilini. Wanachokataa ni kuahidiwa ndoa halafu nusu saa ya mwisho wakapewa vita.

Chukua Mr. & Mrs. Smith ya 2005, iliyoongozwa na Doug Liman, wakiigiza Brad Pitt na Angelina Jolie. (Najua, hao ni wauaji wa kulipwa, si majasusi kwa maana ya ofisini. Mtaani haijawahi kuwa hoja.) Iligharimu dola milioni 110 hivi, ikaingiza zaidi ya milioni 480 duniani kote, na wahakiki wakaiweka palepale mpakani, karibu 60. Mwandishi wake, Simon Kinberg, aliianza kama kazi yake ya kuhitimu masomo ya filamu Chuo Kikuu cha Columbia, na mbegu yake ilikuwa habari za ushauri nasaha wa wanandoa. Inaonekana. Muvi inaanza na mume na mke wamekaa mbele ya mshauri wasiyemwona mtazamaji, na hata miaka ya ndoa yao hawakubaliani: mmoja anasema mitano, mwingine sita.

Kuna tukio moja ambalo huwa nalisimamisha darasani na kulirudisha nyuma mara kadhaa. Ni chakula cha jioni. Kila mmoja ameanza kumshuku mwenzake kwamba ndiye aliyekutana naye kazini akataka kumuua. Mke amepika. Mume anakiangalia chakula kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Kisu cha kukatia nyama kinazungumza kuliko wao. Halafu mume anasimama kummiminia mke divai, na makusudi anaiachia chupa idondoke. Mkono wa mke unaidaka hewani kabla hata hajafikiri. Macho yanakutana. Mke anagundua amejianika, anaiachia chupa iangukie zulia, divai inamwagika, wote wawili wanajifanya tatizo ni doa. Hapo hakuna risasi iliyopigwa, lakini ndoa nzima imeshapekuliwa: nani anamjua nani, na nani amekuwa akiigiza mezani muda wote huo.

Mhakiki wa Marekani Roger Ebert aliipa nyota tatu kati ya nne, na sifa zake alizielekeza kwa wale wawili kufurahiana mbele ya kamera, wala hakujidai kwamba hadithi ina kina. Waliokuwa wakali zaidi walinung'unika kwamba baada ya wanandoa kupigana ndani ya nyumba yao na kupatana, filamu haina cha kusema tena, inabaki kulipua vitu mpaka duka la vifaa vya nyumbani mwishoni. Nakubaliana nao. Wakishapatana, swali la muvi limejibiwa. Hao wengine wanaowafyatulia risasi hatuwajui majina, hawana kinyongo chochote na ndoa hii, wamekuja kufa tu.

Sasa njoo huku kwetu. Mmiliki mmoja wa kibanda umiza, ukumbi wa mtaani wa kuonyeshea muvi, huko Chang'ombe aliniambia, "Mwalimu, hiyo ikiwa ya Kiingereza wananiachia viti mwishoni, ikiwa ya DJ hatoki mtu." Sikushangaa. Watanzania wengi hawakuitazama muvi ya Liman, waliitazama iliyotafsiriwa na DJ, na mfasiri huyo wa muvi hapa nchini ni zaidi ya mkalimani. Tangu enzi za Lufufu, mmoja wa wafasiri wa mwanzo, anayeshika kipaza sauti anasimulia, anatania, anamsema steringi, anamwonea huruma adui. Nyumba inapogeuka uwanja wa vita, kwenye filamu yenyewe maneno yamekwisha. Mfasiri anayajaza: "Jamani, nyumba ya mkopo wa benki hiyo! Mama, piga mume, friji liache!" Milipuko inaendelea huku mume na mke wakigombanishwa kuhusu kodi, wakwe na nani alisema anakwenda semina Morogoro. Yaani kasoro ileile waliyoiona wahakiki wa Marekani, mfasiri wa kwetu ameiziba kwa mdomo wake. Mtaa na wahakiki hawapingani kama tunavyodhani, kwa sababu hawakuona muvi moja.

Na Dodoma ina masikio yake kwa hadithi hizi. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku moja kwa moja, mji umejaa ndoa za mguu mmoja huku, mguu mwingine Dar. Baba yupo Kisasa kwenye nyumba ya kupanga, mama na watoto wapo Tabata. Ijumaa jioni unawaona stendi na kwenye treni ya SGR. Wengi ni watu wazuri wanaokwenda nyumbani kwao, lakini maswali ya "uko wapi" na "huyo anayeongea nyuma yako ni nani" yanaeleweka bila mfasiri.

Ndiyo maana True Lies ya 1994 inachekesha hapa kwa namna yake. Arnold Schwarzenegger ni jasusi, mkewe anaamini anauza kompyuta. Anaposhuku kwamba mke ana mtu, anachukua helikopta, maofisa na vifaa vya serikali kwenda kumfuatilia mke wake. Watumishi wa umma wanacheka sana hapo, sijui kwa nini.

Mwongozaji wake, James Cameron, alimtoa mume huyo kwenye filamu ya Kifaransa, La Totale! ya 1991, akaongeza bajeti iliyopita dola milioni 100. Wahakiki waliisifia kwa ufundi na wakamsifia zaidi Jamie Lee Curtis, aliyepata Golden Globe kwa nafasi ya mke. Lakini ukali wao uligusa mambo mawili ambayo hayajachakaa. La kwanza ni Waarabu, ambao ndani ya muvi ni magaidi wapumbavu, na jumuiya za Waarabu wa Marekani ziliandamana kuipinga. La pili ni pale mume anapomteka mkewe, anamhoji akiwa nyuma ya kioo na sauti iliyobadilishwa, kisha anamtuma hotelini kumchezea mtu kwenye giza, na mtu huyo ni yeye. Cameron analichukulia kama mzaha. Curtis analibeba vizuri mno kiasi kwamba unasahau kukasirika, halafu unakasirika ukifika nyumbani. Siku hizi darasani wasichana hawacheki kabisa kwenye mahojiano yale. Wavulana hucheka kidogo, wakiangaliana kwanza.

Wanaodhani aina hii ya hadithi ilianzia kwa Pitt na Jolie wakumbuke The Thin Man ya 1934, ya mume na mke wapelelezi wanaotaniana kuliko wanavyopeleleza. Ilipigwa kwa wiki mbili hivi, ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, ikazaa mwendelezo mpaka 1947. Nani aliua, watu wameshasahau. Mume na mke wanakumbukwa.

Uthibitisho mkubwa ulikuja Februari 2024, Prime Video walipotoa Mr. & Mrs. Smith kama tamthilia ya vipande nane, ya Donald Glover na Francesca Sloane, Glover akiigiza na Maya Erskine. Jina ni lilelile, lakini safari hii asilimia ilipanda mpaka karibu 90, uteuzi wa Emmy ukawa 16, na Michaela Coel akaondoka na tuzo ya mwigizaji mgeni. Risasi zipo, tena zimepigwa picha vizuri. Kilichobadilika ni mpangilio wa kazi. Hawa wawili hawajuani. Kampuni imewaozesha kama kisingizio cha kazi, na kila kipande kinabeba hatua moja ya uhusiano: miadi ya kwanza, likizo ya kwanza, suala la watoto, mshauri wa ndoa, usaliti, kuachana. Misheni ya siku hiyo ndiyo inayowalazimisha kuzungumza jambo walilokuwa wakilikwepa. Hakuna risasi inayopigwa ugomvi ukiwa umekwisha. Waandishi wake ni kama walikaa na malalamiko yote ya 2005 wakayafuta moja baada ya jingine.

Turudi kwa Matt na Emily wa Back in Action. Wahakiki walisema hadithi ni ya kuokotezwa, mapigano yamepachikwa juu ya nyimbo za zamani, na kwamba Foxx na Diaz walistahili mswada bora. Yote kweli. Ila nadhani wengi waliihukumu kwa kanuni ya Mr. & Mrs. Smith wakati muvi hii imegeuza mkeka. Hapa mume na mke hawadanganyani. Wanaacha ujasusi Emily anapojikuta mjamzito, na kwa miaka 15 wanaodanganywa ni watoto. Siku wanayomkuta binti yao klabu usiku, wanatwanga watu, mtu anarekodi, video inasambaa, siri imekwisha. Ni muvi ya wazazi, na familia nyingi ziliitazama sebuleni na watoto wao, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa muvi ya Liman bila kukohoa mara kwa mara.

Kosa lake liko kwingine. Matt ameficha kifaa kinachotafutwa na dunia nzima, na amekificha wapi? Kwa mama mkwe wake, Uingereza. Mimi nilipoona hivyo niliinuka kwenye kiti. Mkwe, umekwenda kufukia balaa ukweni! Kwetu hiyo peke yake ni muvi nzima: adabu, vikao, wazee kuitwa. Mama mwenyewe ni Ginny, anayeigizwa na Glenn Close, jasusi mstaafu mwenye bunduki na mpenzi kijana, na binti yake haelewani naye kwa miaka mingi. Lakini anaingia muvi ikiwa imeshapita nusu, ugomvi wake na Emily unapewa dakika chache, halafu pikipiki na boti zinachukua nafasi.

Wanaoandika miswada hapa nyumbani, sehemu mnayoiogopa ndiyo inayowashinda matajiri. Helikopta hamna, sawa. Chupa ya divai ya Dodoma, zulia, meza, na watu wawili wasioaminiana mnavyo, na Bongo Muvi imekuwa ikigombanisha wanandoa kwa bajeti ndogo tangu enzi za Kanumba. Kinachokosekana kwa kawaida ni uvumilivu wa kuliacha tukio lichukue dakika nne bila mtu kupiga kelele wala kuangukia sofa akilia.

Alama zangu, kwa wanaozidai: tamthilia ya Glover na Erskine nane kwa kumi, Pitt na Jolie saba, na tisa ikiwa na DJ mzuri, True Lies sita, zote za Curtis. Back in Action naipa tano, na tatu kati ya hizo ni za mama mkwe.