Lubumbashi mpaka Dar na motoka: namba ibaki ya Congo, mega ununue kule

Bandugu, kazi yangu ni simu, natengeneza na kupanga simu za watu hapa Lubumbashi, na wengi wanaonijia kabla ya safari ni wale wanaoenda kuchukua motoka Dar es Salaam ao kutembea Zambia na famiya. Wote wanaanza na swali moja: ninunue sim gani? Mimi naona kuna swali linalotangulia. Simu yako inabeba kazi mbili, kuna namba ambayo watu na benki wanakujua nayo, na kuna intaneti, yaani mega, na ukizichanganya hizo mbili ndo utateseka barabarani.

Namba yako ya +243 usiitoe kwenye simu. Benki ikitaka kuhakikisha ni wewe inatuma SMS kwa namba hiyo, mobile money yako iko juu yake, WhatsApp yako pia. Kwa hiyo kama simu iko na nafasi ya sim mbili (Tecno, Itel na Infinix nyingi ziko nayo), Congo inakaa upande wa kwanza, unaomba kampuni yako ikufungulie roaming (sim yako kutumia minara ya nchi nyingine) ukiwa bado hapa mjini, unaweka inite kidogo, yaani salio, halafu unazima data ya upande huo kabisa. Kupokea SMS ukiwa nje mara nyingi hakukati kitu, lakini kupokea simu ya sauti kwa kawaida unalipa wewe uliyesafiri, waambie watu wa nyumbani wakupigie WhatsApp. Na ukiingiza sim ya pili, WhatsApp inaweza kukuuliza kama umebadilisha namba, jibu hapana, itaendelea na ile ya zamani bila shida.

Mbona nakataza data ya roaming? Uko Lusaka na sim ya Congo, unafungua picha moja, ombi lako linapita kwa mnara wa Zambia, linarudishwa mpaka mitambo ya kampuni yako huku Congo, hapo ndo linatoka kwenda intaneti, na jibu linafuata njia ile ile. Kampuni mbili zinahesabu mega zilezile na kila moja inataka yake. Ndo maana inakuwa ghali na inakokota. Na mwenye kumaliza mega hata si wewe, ni Play Store inayosasisha programu yenyewe, ni WhatsApp inayoshusha video za kila grupu na kutunza nakala ya picha usiku ukiwa umelala, hizo zote zizime mapema.

Zambia kuna MTN, Airtel na Zamtel. Sim inaandikishwa kwa paspoti yako, na hapa nawaomba sana: Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, kuna vijana wanauza sim ambayo tayari imeandikishwa, unaweka tu unaongea. Iko kwa jina la mtu usiyemjua, inaweza kukatwa saa yoyote, na kama huyo mtu ana maneno na polisi namba unayotumia ni yake. Chukua sim kwa ajenti anayeshika paspoti yako na kukuandikisha mbele yako, na usitoke pale kabla hujafungua ukurasa mmoja wa intaneti, maana wakati mwingine simu inataka APN (jina la njia ya intaneti ya kampuni) iwekwe kwa mkono na yeye anaijua.

Airtel ya Congo na Airtel ya Zambia zina rangi moja, lakini sim yako ukivuka ni mgeni, uliza bei. M-Pesa pia: ya huku iko na akonti ya dola na ya franka, ya Tanzania iko kwa shilingi, ni pochi mbili tofauti, usifike Tunduma, mpakani upande wa Tanzania, ukidhani utatoa pesa kwa ile ya Vodacom Congo.

Mipakani simu inachanganyikiwa. Minara ya nchi mbili inaonana, simu inashika yenye nguvu, unaweza kuwa bado Congo na tayari uko roaming. Ingia kwenye mpangilio, chagua rezo (mtandao wa kampuni) kwa mkono mpaka utoke kwenye kale kaeneo. Nakonde (upande wa Zambia) na Tunduma ni hivyo hivyo, tena pale na saa inaruka, Zambia saa yao ni sawa na yetu sisi wa Lubumbashi lakini Tanzania iko mbele kwa saa moja, wenye kuahidiana na dereva waangalie.

Tanzania wanachukua alama za vidole pamoja na paspoti. Vodacom, Airtel, Yas (zamani Tigo), Halotel, TTCL. Jambo ambalo watu hawalijui: mwaka wa 2016 Tanzania ilizima simu bandia, zile zenye IMEI (namba ya utambulisho wa simu) isiyo ya kweli. Kabla ya kusafiri bonyeza *#06#, zitokee tarakimu 15, ziandike kwenye karatasi, zitakufaa pia simu ikiibwa.

Ramani, shusha nyumbani kwenye wifi, Zambia na Tanzania zote mbili, Organic Maps ao OsmAnd zinafanya kazi bila mega hata moja kwa sababu GPS inatoka kwa satelaiti.

Sasa ile barabara ndefu, Kapiri Mposhi, Serenje, Mpika, Chinsali mpaka Nakonde, na baadaye kupita ndani ya mbuga ya Mikumi kule Tanzania. Mnara wa 2G (rezo ya zamani, ya sauti na SMS) mwisho wake ni kilomita 35, na vilima vinakula nusu. Rezo ikiwa dhaifu simu inapiga kelele kuutafuta mnara, nguvu yake ya kutuma inaweza kufika wati 2, unaigusa inachoma na betri imekwisha. Weka mode ya ndege, GPS itaendelea, ukifika mji unafungua. Ukitaka kupiga simu pembezoni weka 2G peke yake, ikishindikana tuma SMS, SMS inapenya pale sauti imekataa. Wa lori wanunue chaja iliyoandikwa 12-24V, na prizi za Zambia ni za meno matatu ya bapa, beba adapta.

Ukirudi Lubumbashi, angalia kama uliandika namba ya Zambia ao ya Tanzania kwenye akonti yoyote, uitoe. Sim isiyotumika inakatwa, na namba ile inauzwa tena kwa mtu mwingine.