Je, wajua kwa nini pesa ya kutuliza fujo hufika moto ukishakula nyumba?

Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, Molo na Kuresoi zikiwaka na watu wakimiminika uwanja wa maonyesho wa Nakuru na magodoro kichwani, wazee watano wa mtaa wetu walikuwa tayari kwenda kuketi na wenzao wa upande wa pili. Walikuwa wameshaelewana kwa simu. Walichokosa ni pesa ya kukodi matatu moja, chakula cha siku mbili, na kadi za simu ambazo siku hizo zilikuwa zimepanda bei. Shirika moja lilikuwa limeahidi kugharamia safari. Pesa ilitoka kweli, wiki saba baadaye, Mkataba wa Kitaifa wa tarehe 28 Februari, ule wa kumaliza ghasia, ukiwa umeshatiwa saini. Hakuna aliyetunyima. Karatasi zilikuwa bado zinazunguka.

Jambo hilo limenikaa moyoni miaka yote hii, ndiyo maana nimelifuatilia. Inakuwaje pesa ipo, nia ipo, na bado isitoke?

Jibu ni kwamba pesa ya umma imefungwa kwa makusudi. Andiko la mradi lazima lisomwe, bajeti ipitishwe, kamati iketi, zabuni itangazwe, mkataba usainiwe. Kila hatua iliwekwa kwa sababu wakati fulani mtu aliiba. Barabara au zahanati inaweza kusubiri mwaka mzima huku hatua hizo zikifuatwa. Kijiji ambacho vijana wake wameanza kunoa panga hakiwezi kusubiri hata wiki.

Umoja wa Ulaya ulijifunza hayo kwa uchungu katika vita vya Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, vya miaka ya 1990. Desemba 1999, baada ya vita vya Kosovo, moja ya vita hivyo, viongozi wake walikutana Helsinki wakakubaliana kwamba mbali na majeshi, wanahitaji uwezo wa kiraia wa kwenda kutuliza nchi iliyovurugika: polisi, mahakimu, watawala wa muda, waokoaji. Juni 2000 wakajiwekea lengo la kuwa na polisi 5,000 wa kutumwa nje kufikia 2003. Lakini mtu hatumwi mikono mitupu. Kwa hiyo tarehe 26 Februari 2001 wakapitisha Kanuni namba 381/2001, iliyoanzisha mfuko wa kuchukua hatua za haraka. Kamishna wa mambo ya nje wakati huo alikuwa Mwingereza Chris Patten. Mwaka wa kwanza mfuko ulitengewa yuro milioni 20. Kwa Umoja mkubwa hivyo, hizo ni pesa ndogo, lakini wingi wake haukuwa ndio siri ya mfuko wenyewe.

Siri nitaieleza kwa sanduku la chama, kwa sababu yeyote aliyewahi kuwa kwenye kikundi cha akina mama Nakuru au Kisumu analijua. Ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Siku ya mkutano wote watatu hufika, sanduku hufunguliwa mbele ya macho ya kila mtu, pesa zinahesabiwa kwa sauti. Hapo wizi ni mgumu. Sasa mtoto wa mwanachama augue usiku wa Jumanne, na mmoja wa wenye funguo awe amesafiri matanga Siaya. Sanduku limejaa na mtoto hana dawa.

Chama chenye busara hakivunji kufuli. Hutoa kiasi kidogo mapema na kukiweka pembeni, tuseme kwenye simu ya mweka hazina, na katiba ya chama inasema: mweka hazina na mwenyekiti wanaweza kutoa mpaka shilingi kadhaa, kwa shida za aina hii tu, kisha waeleze mkutano unaofuata. Ruhusa imetolewa kabla ya shida kuzaliwa. Usiku wa Jumanne hakuna anayeombwa chochote.

Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, ilifanya vivyo hivyo. Kwa miradi ya kawaida, Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, hupeleka mapendekezo kwenye kamati ya nchi wanachama, ikasubiri. Kwa mfuko huu, Tume iliamua yenyewe ikaliarifu Baraza la mawaziri wa nchi wanachama. Iliweza kupatana moja kwa moja na shirika lisilo la serikali au la Umoja wa Mataifa lililoko tayari pale pale. Badala ya kufuli kukawa na mipaka: kiasi chenyewe ni kidogo, na kazi isizidi miezi 6 kwa kawaida. Chakula na dawa havikuguswa, kwa kuwa vilikuwa na idara yake ya misaada ya kibinadamu. Makedonia ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kufikiwa, mwaka ule ule wa 2001, na sehemu ya pesa ilikwenda kukarabati nyumba zilizoharibiwa na mapigano. Mtu aliyerudi akakuta paa ana sababu moja kidogo ya kulipiza kisasi.

Kutoka 2007 mfuko ulimezwa na chombo kikubwa zaidi kilichoruhusu hatua za dharura zisizozidi yuro milioni 20 kwa mara moja, kwa miezi 18, bila kupitia kamati kwanza.

Umoja wa Mataifa nao ulikosea kwanza ndipo ukapata. Mwaka 1991 uliunda mfuko wa dharura wa dola milioni 50, lakini ulikuwa wa kukopesha. Shirika lililokopa lilitakiwa kurudisha pindi wafadhili wakichanga, na kwa nchi isiyotajwa kwenye televisheni nani alikuwa na uhakika wangechanga? Mwaka 2006 wakaongeza ruzuku, pesa isiyodaiwa. Naona hapo ndipo ulipo mpaka kati ya harambee na akiba. Harambee huitwa baada ya msiba, na aliye na majirani wengi hupata zaidi.

Hata sheria zetu zina wazo hili. Ibara ya 208 ya Katiba ya 2010 inaanzisha Mfuko wa Dharura wa taifa, na kaunti zinaruhusiwa kuwa na wao. Pesa hutoka kwanza, kisha bunge husika huombwa idhini ndani ya miezi miwili. Na kabla ya kura ya maoni ya Agosti 2010 iliyopitisha Katiba hiyo ulianzishwa mpango wa Uwiano, ambapo mwananchi alituma ujumbe kwa namba 108 bila malipo akieleza hatari aliyoiona. Bonde la Ufa, lililoungua 2008, lilipiga kura kwa utulivu. Wazee watano wa mtaa wetu wangekuwa na namba kama hiyo, na upande wa pili awepo mtu mwenye ruhusa ya kutoa nauli siku hiyo hiyo, labda wangefika.

Nisiufanye mfuko wa haraka kuwa dawa ya kila kitu. Miezi 6 huisha. Mwezi wa saba unahitaji pesa nyingine, ile ya polepole yenye zabuni na kamati, na mara nyingi huwa haijafika bado. Hapa Nakuru tuliuona mwanya huo kwa macho. Mei 2008 serikali ilianza Operesheni Rudi Nyumbani, kambi zikaanza kufungwa, na wengi waliokosa pa kurudi wakahamia mahema ya Pipeline, kando ya barabara ya Nairobi. Kila gari lililopita liliyaona. Turubai nyeupe zilichakaa zikawa kijivu, wenyewe wakazishona kwa magunia, na miaka kadhaa baadaye bado walikuwa mle ndani.