Msamaha wa gavana: maana yake, na uamuzi wa John Peter Altgeld wa Illinois

Msamaha wa gavana ni uamuzi wa kiongozi wa jimbo la Marekani wa kumwondolea mtu adhabu aliyopewa na mahakama ya jimbo hilo. Jimbo linalozungumziwa hapa si jimbo la uchaguzi, bali ni sehemu ya shirikisho yenye katiba, bunge, mahakama na sheria zake za jinai. Kwa kuwa makosa mengi, ukiwemo uuaji, hushtakiwa kwa sheria za jimbo, Rais wa Marekani hawezi kuwasamehe waliotiwa hatiani huko. Msamaha wake huwafikia waliovunja sheria za shirikisho peke yao. Ni mpangilio tofauti na wa Tanzania na Kenya, ambako mamlaka hayo yamo mikononi mwa Rais, na ambako gavana wa kaunti ya Kenya hana sehemu yoyote katika jambo hili.

Katiba ya Illinois ya mwaka 1870 ilimruhusu gavana, baada ya mtu kutiwa hatiani, kuahirisha utekelezaji wa adhabu, kuipunguza, au kutoa msamaha kamili. Tofauti ya mambo haya ni kubwa. Aliyepunguziwa adhabu, kwa mfano kutoka kunyongwa hadi kifungo cha maisha, bado ni mfungwa, ilhali aliyesamehewa kikamilifu huondoka gerezani akiwa huru. Kesi moja ya Chicago ilipitia njia hizi mbili chini ya magavana wawili tofauti.

Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa miji mingi ya Marekani waligoma wakidai siku ya kazi ya saa 8, na kumbukumbu ya madai hayo ndiyo tunayoiita Mei Mosi. Siku mbili baadaye polisi wa Chicago waliwafyatulia risasi wafanyakazi karibu na kiwanda cha McCormick. Usiku wa tarehe 4, mkutano wa kupinga mauaji hayo ulipokuwa ukimalizika katika uwanja wa Haymarket, polisi walifika kuutawanya, na mtu asiyejulikana akawatupia bomu. Polisi 7 walikufa, pamoja na raia kadhaa. Wanaharakati 8 wa wafanyakazi, waliojulikana kwa hotuba na maandishi yao ya kuipinga dola, walihukumiwa kwa kosa hilo, ingawa aliyetupa bomu hakuwahi kutambuliwa, na mmoja wao, Oscar Neebe, hakuwepo uwanjani hapo kabisa. Neebe alipewa kifungo cha miaka 15; wengine 7 walihukumiwa kifo. Gavana Richard Oglesby aliwapunguzia adhabu Samuel Fielden na Michael Schwab, wakafungwa maisha. Louis Lingg alijiua seli, na tarehe 11 Novemba 1887 August Spies, Albert Parsons, Adolph Fischer na George Engel walinyongwa.

John Peter Altgeld alikuwa wakili na jaji aliyezijua mahakama za Chicago kutoka ndani. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1847, akapelekwa Ohio angali mtoto mchanga, akajiunga na jeshi la Muungano, yaani la serikali ya shirikisho na majimbo ya kaskazini, akiwa na miaka 16 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha akasomea sheria Missouri. Mwaka 1884 aliandika kitabu kuhusu mfumo wa adhabu, akionyesha jinsi unavyowaangukia maskini. Alichaguliwa gavana mwishoni mwa 1892, wa kwanza wa Illinois kuzaliwa nje ya Marekani.

Maelfu ya raia, wakiwemo wafanyabiashara na wanasheria wenye majina makubwa, walimwomba awaachilie wafungwa watatu waliobaki. Wengi wao walitaka huruma: kwamba watu hawa wameteseka vya kutosha. Altgeld alikataa msingi huo. Alisema kwamba kama walihukumiwa kwa haki, waendelee kufungwa; na kama hawakuhukumiwa kwa haki, basi jambo lenyewe halihusu huruma. Akasoma kumbukumbu za kesi, na tarehe 26 Juni 1893 akatoa msamaha kamili pamoja na maelezo marefu ya sababu zake. Alieleza kwamba raia wa kuamua kesi hawakupatikana kwa kura kama ilivyo kawaida, bali walichaguliwa na mtumishi wa mahakama ili watoe hukumu ya hatia. Kwamba haikuthibitishwa kuwa mtupa bomu aliwahi kusikia au kusoma maneno ya washtakiwa. Na kwamba jaji, Joseph Gary, aliegemea upande mmoja.

Hapo ndipo uzito wa uamuzi huu ulipo, na kwa maoni yangu ndipo ujasiri wake ulipo pia. Msamaha wa kawaida huiacha hukumu ilivyo na kumhurumia mhukumiwa. Altgeld alitumia mamlaka yale yale kutamka hadharani kwamba mahakama ilidhulumu watu, na wanne miongoni mwao walikwisha kunyongwa. Angeweza kuandika mistari miwili ya rehema na kusifiwa.

Magazeti yalimshambulia vikali, yakimwita mgeni na mfuasi wa wavuruga dola. Mwaka uliofuata alimpinga Rais Grover Cleveland kwa kupeleka askari wa shirikisho Chicago bila serikali ya jimbo kuwaomba, wakati wa mgomo wa reli ulioanzia Pullman, kampuni ya kutengeneza mabehewa ya treni, na chuki dhidi yake ikazidi. Kazi nyingine za utawala wake, kama sheria ya viwanda ya 1893 na kumteua Florence Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda, hazikumwokoa katika uchaguzi wa 1896, aliposhindwa na John Tanner.

Alirudi kwenye uwakili. Machi 1902, muda mfupi baada ya kuhutubia mkutano wa kuwatetea Makaburu katika vita vyao na Uingereza, alianguka na kufariki akiwa na miaka 54. Mji ulikuwa Joliet, ambako miaka tisa nyuma milango ya gereza ilifunguliwa kwa amri yake.