Sitiari Isiyojitaja: Dhana Potofu na Ukweli

"Bila 'ni', hakuna sitiari." Dhana hii kuhusu sitiari, yaani kukipa kitu sura ya kingine bila kusema "kama", ndiyo inayopotosha wengi, na chanzo chake ni ule mfano tuliokaririshwa sote: Juma ni simba. Aliyezoea kuisaka "ni" ataupita mstari huu bila kushtuka: Mwenyekiti alinguruma, kikao kizima kikafyata mkia. Humo mna wanyama wawili na hakuna aliyetajwa. Simba kajificha ndani ya kitenzi, mbwa kaacha mkia nje. Sitiari hii iliyofichwa vitabu vingine huiita jazanda, jina lisikusumbue.

"Kwa kuwa imefichwa, kila mtu aifasiri apendavyo." Hapana, kitenzi kina mwenyewe. Mtu "akimtemea mwenzake sumu", tunamfikiria nyoka, si nyuki, maana nyuki hatemi. Penye utata, uliza maneno jirani. "Alitambaa" peke yake laweza kuwa la mtoto mchanga au la nyoka. Likifuatwa na "akajiviringisha gizani, akasubiri", mtoto ameshatoka kwenye picha.

"Hiyo ni tashihisi tu." Mara nyingine, ndiyo: upepo ukinong'ona, umepewa utu. Ila mtu akibweka, mambo yamegeuka, binadamu ndiye aliyevishwa unyama. Hapo tashihisi haipo.

"Ni pambo la washairi." Hii ndiyo dhana ninayoiona ya hatari zaidi. Mwaka 1980 mwanaisimu George Lakoff na mwanafalsafa Mark Johnson walieleza kwa kina jinsi sitiari ilivyojaa katika fikra na mazungumzo ya kila siku. Sikiliza mjadala wowote: hoja hushambuliwa, hutetewa, huangushwa, na hakuna aliyetamka neno vita. Muda nao tunautumia, tunaupoteza, tunauokoa, mithili ya fedha.

Tena sitiari ya namna hii ina nguvu kwa sababu haidai kitu waziwazi. Mwandishi akisema "wahamiaji ni mafuriko", utambishia palepale: watu si maji, nani kasema wanaharibu? Akiandika "wahamiaji walifurika mjini", huna dai la kubishia, umepewa taarifa tu. Kumbe mafuriko yameshaingia, pamoja na hofu yake yote, na wazo la kujenga kingo linaanza kuonekana la busara kabla hata hujajua waliofika walikuwa wangapi.