"Wanamchezea nani?": maana ya ngoma yenye sababu katika filamu

Jumapili moja asubuhi tulikuwa kwenye steji ya matatu kule Eastlands, Nairobi, tukirekodi ngoma ambayo kikundi kilikuwa kimekwisha kuicheza jukwaani mara nyingi. Vijana sita, mavazi yale yale, hatua zile zile zilizokuwa zikiwainua watu vitini. Muziki ukawekwa, wakajipanga mstari, nyuso zikaelekea kamera, wakaanza. Hatua tano hivi kutoka tulipokuwa, mama mboga alikuwa akipanga sukuma wiki yake mafungu mafungu. Akatutazama kidogo, kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kueleweshwa: "Sasa hawa wanamchezea nani?"

Sikuwa na jibu. Ukumbini swali hilo halizuki, kwa sababu jibu limeketi pale mbele, limelipa kiingilio na limenyamaza linasubiri. Pale steji hapakuwa na mtu aliyeketi. Vijana walikuwa wakitabasamia hewa.

Tangu siku hiyo swali la yule mama ndilo ninalolitumia kueleza kitu ambacho watu wa filamu hukihangaikia kila mchezo wa nyimbo unapohamishwa kutoka jukwaani. Mimi hukiita ngoma yenye sababu. Maana yake ni hii: ni ngoma inayomfanya mtazamaji aamini kwamba watu hawa, mahali hapa, saa hii, wangecheza, au kama wasingecheza, ajue ni fikra za nani zinazowachezesha. Sababu hiyo lazima itoke ndani ya hadithi yenyewe. Kusema "wanacheza kwa kuwa hii ni filamu ya muziki" si kutoa sababu.

Jijini kwetu neno steji lina kazi mbili. Ni pale wasanii wanapopanda kucheza, na ni pale unaposubiri gari la kwenda tao. Tofauti ya steji hizo mbili ndiyo kiini cha jambo hili.

Jukwaa la ukumbini ni mahali pa makubaliano. Viti vinne vikipangwa viwili viwili, hiyo ni matatu. Taa ya buluu ikiwaka, ni usiku. Mtu aliyekwisha kukubali kwamba viti vinne ni matatu ya Kayole hatasumbuka makanga akianza kuimba. Amekwisha kukubali makubwa kuliko hayo. Kamera haileti makubaliano. Inaleta matatu yenyewe, na michoro yake ubavuni, na tope kwenye magurudumu, na abiria halisi dirishani anayetafuna mahindi. Na kadiri mahali panavyokuwa pa kweli, ndivyo ngoma inavyodaiwa kujieleza. Hatua ile ile iliyokuwa tamu juu ya mbao, kwenye lami inaonekana kama watu waliopotea njia wakielekea mazoezini.

Mfano ambao wanafunzi wa dansi hupewa kila mahali ni West Side Story, hadithi ya magenge mawili ya vijana wa New York yanayogombania mtaa, moja likiwa la waliotoka Puerto Rico, nami sioni haya kuurudia kwa sababu haujachakaa. Jerome Robbins alibuni ngoma zake kwa ajili ya jukwaa la Broadway mwaka 1957. Filamu ilipotoka mwaka 1961, yeye na Robert Wise ndio walioandikwa kuwa waelekezi, ingawa Robbins aliondolewa kabla kazi haijaisha, kwa kuwa siku na fedha zilikuwa zikiteketea. Sehemu ya mwanzo walikwenda kuipiga picha kwenye mitaa halisi ya New York, ikiwemo mitaa ya upande wa magharibi wa Manhattan iliyokuwa ikibomolewa kupisha ujenzi wa Lincoln Center.

Filamu hiyo haianzi na ngoma. Inaanza na jiji likionekana kutoka juu kabisa, kisha kamera inashuka hadi kwenye uwanja wa michezo, na hapo kuna vijana wanaoalisha vidole. Wanaondoka, wanatembea. Katika kutembea, mmoja anapitisha mguu upana zaidi ya inavyohitajika, mkono unafunguka, kisha anarudi kutembea kama kawaida. Baadaye mwingine anafanya hivyo. Wanapokuja kuruka kweli kweli, mguu juu, huwezi kuonyesha kidole mahali ambapo kutembea kulikoma na ngoma ikaanza. Na kwa nini wanacheza? Kwa sababu barabara hiyo wanaiona ni yao, na wanaitembea kama mtu anavyotembea sebuleni kwake. Ngoma ni hati yao ya kumiliki. Ukimuuliza mama mboga wetu wanamchezea nani, angejibu mwenyewe: wanawachezea wale maadui wa genge la pili.

Filamu hiyo hiyo ina funzo jingine ninalolipenda zaidi. Wimbo unaoitwa "America" jukwaani uliimbwa na wanawake peke yao, mmoja akitamani kurudi Puerto Rico na wengine wakimcheka. Kwenye filamu waliupeleka juu ya paa la nyumba usiku, wakawapanga wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, ukawa ubishi wa wapenzi kuhusu maisha ya ugenini. Muziki ni ule ule, lakini sasa kila hatua inamjibu mtu. Mwanamke akizungusha sketi anakuwa amemkata kauli mwanamume aliye mbele yake. Hakuna anayehitaji kutazama kamera, kwa sababu mtazamaji wake yuko pale pale, amekunja mikono, anatafuta la kujibu. Steven Spielberg alipoitengeneza upya mwaka 2021, aliutoa wimbo paani akauteremsha barabarani mchana kweupe, lakini ubishi aliuacha.

Wengine huchukua njia kali zaidi: wanakataza ngoma yoyote isiyokuwa na kisingizio. Bob Fosse alipoifanyia filamu Cabaret, hadithi ya klabu ya usiku ya Berlin wakati Wanazi wanainuka, mwaka 1972, nyimbo ambazo wahusika wa jukwaani walikuwa wakiziimba vyumbani mwao alizitoa. Waliobaki kuimba na kucheza ni wasanii wa klabu, ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila usiku. Nje ya klabu anaimba mtu mmoja tu, kijana kwenye bustani ya bia, na wanywaji wanaanza kusimama mmoja mmoja kuimba naye wimbo wa kisiasa, wa Kinazi. Hapo napo hakuna uchawi wowote: watu huimba nyimbo za kisiasa wakiwa wamelewa na wako wengi. Ndiyo maana tukio hilo linaogopesha.

Chicago, ambayo Fosse mwenyewe aliielekeza jukwaani mwaka 1975, ilipofanywa filamu na Rob Marshall mwaka 2002 ilitafuta mlango mwingine. Ngoma nyingi zinachezwa ndani ya kichwa cha Roxie, mwanamke aliyefungwa kwa mauaji na anayeuona ulimwengu wote kama onyesho lake. Ninachotaka ukiangalie ni jinsi mlango huo unavyofunguliwa kwenye ngoma ya wafungwa wanawake. Usiku, Roxie amelala. Tone la maji linaanguka. Nyayo za mlinzi zinasikika. Vidole vinagonga chuma. Tone, nyayo, vidole. Tone, nyayo, vidole. Na kabla hujatambua, huo umekuwa mdundo, gereza limekuwa jukwaa. Mdundo haukuletwa na bendi iliyojificha nyuma ya ukuta. Uliokotwa pale pale sakafuni.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo ninapoona tuna utajiri ambao hatuutumii. Mwelekezi wa Marekani anahangaika kutafuta kisingizio kwa kuwa watu wa hadithi yake, maishani mwao, hawachezi ovyo. Sisi tunacheza. Kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya watu wa Mlima Kenya, wageni hufungiwa lango. Wanawake wa ndani wanaimba, wa nje wanajibu kwa wimbo, na lango halifunguliwi mpaka wamekubaliwa. Hiyo tayari ni tukio la filamu: kuna lango, kuna anayetaka kuingia, kuna anayekataa, na wote wanaimba. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ambayo UNESCO iliiandikisha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka, inapigwa harusini na matangani, na hapa Nairobi utaisikia uwanjani timu ikicheza. Bibi harusi wa mtaa wa Umoja haingii ukumbini kwa kutembea. Wasimamizi wake wamefanya mazoezi majuma kadhaa. Mkutano wa kampeni hauanzi bila watu kuchezeshwa.

Watu wa Afrika Kusini waliliona hili mapema. Sarafina! ilianza kama mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema kwenye Market Theatre ya Johannesburg mwaka 1987, ikawa filamu mwaka 1992, na Leleti Khumalo akacheza Sarafina kote kuwili. Hadithi ni ya wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976, na wanafunzi hao wanaandaa onyesho la shule kuhusu Mandela kutoka gerezani. Basi nyimbo zina mahali pa kukaa. Kisha wanapotoka barabarani, wimbo na toyi-toyi, ile ngoma ya maandamano, havihitaji ruhusa ya mtu, kwa kuwa ndivyo watu wa huko walivyoandamana na ndivyo walivyozika wafu wao. Vizazi kadhaa vya Wakenya vimeitazama filamu hiyo, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini wale watoto wanacheza.

Lakini hata ukiwa na sababu nzuri ya kuanza, kuna mahali ngoma huanguka, napo ni mwishoni. Jukwaani kila ngoma humalizikia kwenye pozi: mikono juu, kifua mbele, muziki unakata, pa! Pozi hilo limejengwa liwe sufuria ya kupokelea makofi. Wachezaji wanalishikilia, ukumbi unalipuka, wanapumua, wanaendelea. Ukilipiga picha jinsi lilivyo, makofi hayaji. Vijana sita wamesimama mikono juu katikati ya steji, na unasikia kuku. Sekunde tatu za kimya hicho zinavunja kila kilichojengwa kwa dakika nne. Wajuzi huziba shimo hilo kwa njia mbalimbali: wanaweka watu wa kushangilia ndani ya hadithi, au mlango unafunguliwa na mtu akaingia, au picha inakatwa mkono ukiwa bado njiani. Mimi naona bora zaidi ni pozi kuvunjwa na jambo la mahali penyewe, honi au mvua au mama anayemwita mwanawe.

Na pumzi. Kwenye filamu muziki hurekodiwa studio mapema, kisha unapigwa kwa spika wachezaji wakiufuata, na ngoma moja huweza kupigwa picha vipande vipande siku nzima. Mchezaji anapumzika, anapanguswa jasho, anapigwa kipande kinachofuata. Matokeo yake ni kwamba anaruka kama swala dakika tatu, halafu picha inayofuata anamwambia mpenzi wake neno la moyoni kwa sauti tulivu kama aliyetoka kulala. Jukwaani hilo haliwezekani. Kifua kinapanda na kushuka na ukumbi unakiona. Mwelekezi mwenye macho atamkimbiza mchezaji kuzunguka gari mara mbili kabla ya kupiga maneno hayo. Kuhema kwa mtu aliyechoka kweli kunamshawishi mtazamaji kuliko taa zote.

Miguu nayo ina yake. Mbao za jukwaa zinanepa, lami hainepi, na goti linajua. Hatua za kurukaruka zikihamishwa lami bila kubadilishwa, huumiza mchezaji, na maumivu yanaonekana usoni, kwa kuwa kamera iko karibu. Kule ukumbini aliyeketi nyuma haoni uso, anasoma mwili. Ndiyo maana ishara za jukwaa ni kubwa. Kamera ikisogea, ishara hiyo hiyo inakuwa kelele.

Tulirudi steji ile baada ya majuma mawili. Muziki ulikuwa ule ule na wachezaji wale wale, lakini hatukuwapanga mstari. Wawili tuliwafanya manamba wa magari mawili yanayogombania abiria mmoja, mwanamke mwenye begi kubwa. Wa kwanza akagonga ubavu wa gari kwa kiganja: pa, pa. Wa pili akamjibu kwenye gari lake: pa-pa, pa. "Tao hamsini! Tao hamsini!" Mwenye begi akasita, akageuka, na begi likageuka naye, na kugeuka huko kukawa hatua ya kwanza. Wale wengine wakaingia mmoja mmoja kama watu wanavyoingilia ugomvi usiowahusu. Hakuna aliyetazama kamera. Tuliondoa mruko mmoja na pozi la mwisho lote. Mahali pake gari la pili liliondoka na mtu.

Ngoma ilipokuwa imekolea, ilimsogelea mama mboga. Hakuuliza kitu safari hii. Alivuta gunia lake nyuma, hatua moja hivi, ili wasimkanyagie sukuma wiki, mikono yake ikiendelea kufunga fungu la mteja. Kamera ilikuwa inapiga. Kipande hicho hatukukikata.