Fungu la jamii katika shamba la upepo

Shamba la upepo ni eneo lenye mitambo mingi ya kufua umeme kwa nguvu ya upepo, yote ikiunganishwa na gridi kwa pamoja. Fungu la jamii ni sehemu ya mapato ya mradi huo wanayopewa, au wanayoimiliki, watu wanaoishi kandokando yake, hata wale ambao hakuna mnara uliosimama kwenye ardhi yao. Wengi hulichanganya na kodi ya ardhi, yaani pango analolipwa mwenye ardhi, na hapo ndipo ugomvi mwingi wa vijijini unapoanzia.

Kodi ya ardhi humwendea mwenye shamba aliyekubali mnara usimikwe kwake. Mnara wenyewe haumezi ardhi kubwa. Msingi wake wa zege hufukiwa, na juu hubaki kitako cha mnara, barabara ya changarawe na uwanja wa kusimamishia kreni. Mahindi hupandwa na ng'ombe hulishwa hadi karibu kabisa na mnara. Lakini mitambo haiwezi kubanana, kwani mtambo ulio mbele huupunguzia upepo mtambo ulio nyuma yake. Kwa kawaida huachiwa nafasi ya mara tano hadi saba ya upana wa duara linalochorwa na mapanga ya mtambo yanapozunguka, wakati mwingine hata zaidi. Ndiyo maana mradi hutanda kwenye maelfu ya ekari ilhali unakalia sehemu ndogo tu. Wanaolipwa kodi ni wachache, na wanaouona na kuusikia mradi kila siku ni wengi.

Chukua kivuli. Mapanga matatu yakizunguka mara 12 kwa dakika, na jua likiwa chini nyuma yake, kivuli hupita kwenye dirisha la jirani mara 36 ndani ya dakika hiyo moja. Chumba kinaingia giza, kinapata mwanga, kinaingia giza tena, na mtoto anayesoma mezani hawezi kuendelea. Nchini Ujerumani kiwango kinachokubalika kwa nyumba moja ni dakika 30 kwa siku na saa 30 kwa mwaka, na mtambo unaweza kupangiwa kujizima muda huo ukifika. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna waendelezaji, yaani kampuni zinazojenga miradi hii, wanaotaka fungu la jamii lifanye kazi ya kuwanyamazisha watu. Adha inayozuilika lazima izuiwe kwanza. Fungu ni haki nyingine, ya kushiriki katika faida.

Fungu huja kwa sura kadhaa. Ya kwanza ni mfuko wa jamii. Huko Scotland, mwongozo wa serikali unapendekeza mradi utoe pauni 5,000 kwa mwaka kwa kila megawati (kipimo cha uwezo wa kuzalisha umeme) iliyosimikwa, ingawa malipo hayo ni ya hiari. Mradi wa megawati 40 hapo hutoa pauni 200,000 kila mwaka. Ya pili ni malipo kwa kaya moja moja: Denmark, tangu 2020, wanaoishi ndani ya umbali wa mara nane ya urefu wa mtambo hupata malipo ya kila mwaka yanayotegemea umeme uliozalishwa. Ya tatu ni hisa. Sheria ya Denmark iliyotangulia, iliyopitishwa 2008, iliwalazimisha waendelezaji kuwauzia wakazi wa karibu angalau asilimia 20 ya umiliki. Kasoro yake iko wazi: asiye na akiba hanunui hisa. Na wapo waliomiliki kila kitu. Wakazi wa kisiwa cha Gigha, Scotland, walikinunua kisiwa chao mwaka 2002, kisha wakasimika mitambo mitatu iliyokwishatumika kwingine, na mapato yakawa ya kisiwa.

Kwa maoni yangu, swali zito kuliko ukubwa wa asilimia ni hili: asilimia ya nini? Asilimia ya faida ni ahadi nyepesi, maana riba ya mikopo na gharama za usimamizi zinaweza kuimaliza faida kwenye vitabu vya hesabu. Mapato ya mauzo ya umeme hukaguliwa kwa urahisi zaidi: kuna mita, kuna bei. Malipo kwa kila megawati iliyosimikwa nayo yana uzuri wake, kwani hayapungui mwaka upepo ukiwa hafifu.

Hata hivyo, fungu halizibi pengo la ridhaa. Mradi wa upepo wa Kinangop nchini Kenya ulifutwa mwaka 2016 baada ya mgogoro mkali wa ardhi na maandamano ya wakazi. Norway, mitambo ya Fosen ilikuwa imeshasimama pale Mahakama ya Juu ilipoamua, Oktoba 2021, kwamba vibali vyake ni batili kwa kuwa vilikiuka haki ya wafugaji wa Kisami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, kuendeleza utamaduni wao.

Mkataba wa fungu uandikwe kwa namna ambayo utamfunga pia mnunuzi, kwa kuwa miradi hii huuzwa mara nyingi kabla ya miaka yake 20 au 25 kuisha. Na uandamane na dhamana ya fedha ya kuing'oa mitambo, iwekwe benki mapema, wakati mitambo bado inaingiza pesa.